Mkono uliovunjika Kariobangi, nyonga iliyovunjika Taita: uchambuzi wa kisa

Mgonjwa ni mama wa miaka 56, fundi cherehani mwenye kibanda chake Kariobangi. Jina lake silitaji, na mambo machache nimeyabadilisha ili asitambulike. Asubuhi moja ya mvua aliteleza kwenye kizingiti cha kibanda, akajikinga kwa mkono wa kulia, mfupa ukakatika karibu na kifundo cha mkono. Hakugongwa na bodaboda wala hakudondoka ngazini. Alianguka kutoka kimo chake mwenyewe. Hospitali alikokimbizwa waliunyoosha mfupa vizuri, wakamfunga plasta, na baada ya wiki 6 plasta ikatolewa akarudi kwenye cherehani yake. Hakuna aliyeuliza kwa nini mfupa wa mtu anayejiona mzima ukatike kwa kuteleza tu.

Jambo hilo linaniuma kila ninapokutana nalo. Mwanamke aliyekoma hedhi akivunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake, mfupa wake uhesabiwe dhaifu mpaka vipimo vioneshe vinginevyo. Aliyevunjika mara moja hivyo, hatari yake ya kuvunjika tena huwa karibu maradufu ya mwenzake wa umri uleule. Plasta hutibu mkono, lakini nyonga na uti wa mgongo vinabaki vilevile vinasubiri zamu yao.

Kliniki kwetu aliletwa na bintiye wa miaka 29, na hawakuja kwa ajili ya mkono. Binti alikuwa ameshika karatasi aliyochapisha sayber, ya kampuni inayouza kipimo cha jeni: unatema mate kwenye kichupa, kinasafirishwa ng'ambo, ripoti inarudi kwa barua pepe. Pesa alikuwa ameshaweka kando. Akaniambia, "Sista, nataka tujue kama hii kitu iko kwenye damu yetu, ndio nami nijipange." Swali lake lilikuwa zuri sana. Kilichonitia wasiwasi ni mahali alipotaka kulipeleka.

Kwanza tukamzungumzia bibi

Nilimuuliza mgonjwa kama mzazi wake yeyote aliwahi kuvunjika mfupa. Akasema hapana, baba alikufa kwa ugonjwa wa moyo na mama alikufa kwa uzee. Nimejifunza kulirudia swali hilo kwa njia nyingine, kwa hiyo nikamuuliza: mama alipofariki, alikuwa bado anatembea? Hapo habari ikatoka. Mama yake, huko kwao Taita, aliamka usiku kwenda msalani, akaanguka kando ya kitanda, asiweze kusimama tena. Mguu mmoja ulionekana mfupi kuliko mwenzake na wayo ulikuwa umegeukia nje. Aliitwa mkandaji. Hospitali yenye daktari wa mifupa ilikuwa mbali na upasuaji ulihitaji pesa ambazo hazikuwapo. Mzee yule alilala miezi michache, akapata vidonda vya mgongoni, akafariki. Familia ikabaki ikisema ni uzee na presha.

Mguu uliofupika na wayo uliogeukia nje ni picha ya nyonga iliyovunjika, na mtu aliyeiona hata mara moja haisahau. Kwa hiyo jibu sahihi la swali langu lilikuwa ndiyo.

Nikataka kujua alikuwa na umri gani. Hakuna aliyejua kwa uhakika, lakini kitambulisho chake kiliandikwa 1945, na mgonjwa anakumbuka kwamba mama yake alianguka miezi michache baada ya uchaguzi wa 2013. Miaka 68 hivi. Umri huo si jambo dogo. Utafiti wa mapacha wa Sweden, uliotolewa 2005, ulionesha kwamba kwa nyonga zinazovunjika kabla ya miaka 69, urithi ulieleza takriban asilimia 68 ya tofauti kati ya watu. Kati ya miaka 69 na 79, urithi ulieleza asilimia 47. Baada ya miaka 79, asilimia 3 tu. Takwimu hizi ni za watu wengi kwa pamoja, haziwezi kupima sehemu ya jeni kwa mtu mmoja. Lakini zinatuambia tusikilize nini: bibi aliyevunjika nyonga akiwa na miaka 90 anatueleza zaidi habari za uzee, macho na giza la usiku, na aliyevunjika akiwa na miaka 68 anatueleza habari za ukoo.

Tukaendelea. Dada yake mama, yaani mama mkubwa wa mgonjwa, alikuwa mwanamke mrefu ujanani, akazeeka na kibiongo mpaka kanga ikawa inaburura chini. Hakuna aliyempiga picha ya uti wa mgongo, lakini mtu hafupiki kiasi hicho bila pingili kubonyea.

Halafu likaja lile ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa chote. Siku za mgonjwa zilikoma akiwa na miaka 43. Nikamuuliza kuhusu mama yake. Akafikiri, akasema mama aliacha kuona mwezi yeye akiwa kidato cha nne. Anakumbuka kwa sababu shangazi zake walisema basi, kitinda mimba ameshazaliwa. Tukapiga hesabu, tukapata miaka 41. Na mdogo wake, anayeishi Voi? Miaka 44.

Hedhi ikikoma kabla ya miaka 45 huhesabiwa kuwa imekoma mapema. Umri wa kukoma kwa hedhi nao hurithiwa. Tafiti za mapacha na za familia huweka mchango wa urithi kwenye takriban nusu. Mfupa wa mtu mzima haukai bila kazi: zipo seli zinazoubomoa na zipo zinazoujenga, kila siku. Estrojeni, homoni ya kike ambayo hushuka hedhi ikikoma, ndiyo inayowazuia wabomoaji. Inaposhuka, protini iitwayo RANKL hupata nguvu, wabomoaji huzaliwa kwa wingi na kuishi muda mrefu zaidi, na wajenzi hawawafikii. Katika miaka 5 hadi 7 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, mwanamke anaweza kupoteza hadi asilimia 20 ya mfupa wake. Mama huyu alianza safari hiyo akiwa na miaka 43, umri ambao wanawake wengi wangali wanaona mwezi. Alipoteleza kizingitini alikuwa ameishi miaka 13 bila kinga ya homoni yake.

Kwa hiyo binti aliposema "iko kwenye damu yetu", alikuwa sahihi, na tulilijua hilo kwa maswali, kabla ya tone la mate.

Karatasi ya binti

Sikutaka kuitupa karatasi yake. Niliisoma naye mstari kwa mstari, kwa sababu mtu aliyejinyima kuweka akiba anastahili kuelezwa.

Jeni ya kwanza iliyotajwa ilikuwa VDR, ya kipokezi cha vitamini D. Historia yake inafaa ijulikane. Mwaka 1994 watafiti wa Sydney, Australia, walitangaza katika jarida la Nature kwamba maumbo ya jeni hii moja yanaeleza hadi asilimia 75 ya urithi wa uzito wa mifupa. Dunia nzima ilisisimka. Mwaka 1997 watafiti walewale walichapisha marekebisho, baada ya kugundua makosa katika usomaji wa baadhi ya sampuli, na athari ikapungua sana. Mwaka 2006 muungano wa watafiti wa Ulaya ulipima watu zaidi ya 26,000, na maumbo yale maarufu ya VDR hayakuonesha uhusiano na uzito wa mifupa. Na bado jeni hiyo ilikuwa juu kabisa kwenye karatasi.

Ya pili ilikuwa COL1A1, inayotengeneza kolajeni, nyuzi zinazoupa mfupa uimara wake. Mwaka 1996 watafiti wa Uingereza walieleza herufi moja iliyobadilika kwenye jeni hii, na uhusiano wake na mifupa umethibitika kiasi, ingawa ni mdogo. Tatizo ni kwamba badiliko hilo hupatikana hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya na ni adimu kwa Waafrika. Familia ya Taita ingelipa ili iambiwe haina kitu ambacho haikutarajiwa kuwa nacho, halafu isome kwamba iko salama. Hilo ndilo linaloniogopesha zaidi katika vipimo hivi: jibu la "hakuna hatari" mkononi mwa mtu ambaye ameshavunjika.

Ya tatu, ESR1, ya kipokezi cha estrojeni, nayo ina uhusiano mdogo na kuvunjika. Basi.

Ukweli ni kwamba urithi wa mifupa umeenea. Tafiti za mapacha zinaweka mchango wa urithi katika uzito wa mifupa kati ya asilimia 50 na 85, lakini mchango huo ni kama mfuko wa chama: kila jeni inaleta shilingi yake, na hakuna mwanachama mmoja unayeweza kumwita ukamwambia wewe ndiye uliyeujaza. Mwaka 2019 ulitoka uchambuzi wa watu 426,824 kutoka hazina ya takwimu ya UK Biobank, uliopata sehemu 518 za vinasaba zinazohusiana na uzito wa mfupa wa kisigino. Zote kwa pamoja zilieleza takriban asilimia 20 ya tofauti kati ya watu. Na watu wenyewe walikuwa Waingereza weupe. Alama za hatari zilizotengenezwa kwa damu ya watu hao hupoteza nguvu zinapohamishiwa kwa Waafrika, ambao vinasaba vyao vina tofauti nyingi zaidi na havijachunguzwa kwa wingi huo.

Hapo mgonjwa mwenyewe akaingilia: "Lakini si sisi Waafrika mifupa yetu ni migumu?" Nalisikia kila wiki, hata kwa wahudumu wenzangu. Ni kweli kwamba Wamarekani weusi, kwa wastani, wana mifupa mizito kuliko Wamarekani weupe na huvunjika nyonga mara chache zaidi. Lakini utafiti uliofanyika vijijini Gambia na kutolewa 1996 uliwakuta wanawake wazee wenye mifupa myepesi kuliko ya wanawake wa Uingereza, na bado kuvunjika kulikuwa nadra. Kwa hiyo hata ndani ya hao tunaowaita Waafrika, hadithi si moja. Wastani wa mamilioni ya watu haumkingi mwanamke mmoja ambaye mama yake alivunjika nyonga, na ambaye yeye mwenyewe ameshavunjika mkono.

Kipimo cha jeni kina mahali pake, nami nisingependa kukidharau. Mtoto anayevunjika ovyo, mwenye weupe wa jicho unaoelekea ubuluu. Kijana aliyebonyea pingili bila sababu. Ukoo ambao wanaume na wanawake wanavunjika kabla ya miaka 40: hao watafutiwe jeni moja yenye nguvu, kama COL1A1 iliyoharibika kwelikweli, LRP5 au WNT1. Mgonjwa wetu hakuwa na dalili hizo.

Na tusisahau kwamba jeni zimetuletea dawa. Afrika Kusini, miongoni mwa Makaburu, kuna familia ambazo watoto wao huota mifupa minene kupita kiasi mpaka mishipa ya fuvu inabanwa. Watafiti waliikuta jeni yao, SOST, ambayo kazi yake ya kawaida ni kuwazuia wajenzi wa mfupa. Kutokana na mateso ya familia hizo ikatengenezwa romosozumabu, iliyoidhinishwa Marekani 2019. Ujuzi kuhusu RANKL nao ulizaa denosumabu, 2010.

Pesa zilikokwenda

Niliwashauri akiba ile walipie DEXA (kipimo cha eksirei cha uzito wa mifupa), picha ya uti wa mgongo na vipimo vya damu. Walikubali.

DEXA ilitoa alama T ya −2.9 kwenye uti wa mgongo na −2.2 kwenye shingo ya nyonga. Shirika la Afya Duniani tangu 1994 linatumia −2.5 kushuka chini kuwa ndio udhaifu wa mifupa, na kati ya −1 na −2.5 kuwa upungufu. Msomaji ajue alama hiyo inalinganisha na nani: kipimo cha rejea ni wanawake weupe wa Marekani wenye miaka 20 hadi 29. Kwa hiyo sikuisoma peke yake. Niliisoma pamoja na mkono, bibi na miaka 13.

Picha ya uti wa mgongo ilionesha pingili moja imebonyea, jambo ambalo mgonjwa hakuwa na habari nalo. Maumivu ya mgongo alikuwa akiyalaumu kuinamia cherehani. Ushahidi mwingine alikuwa nao nyumbani. Bado amehifadhi kadi ya kliniki ya ujauzito wa binti huyu, na humo urefu wake uliandikwa sentimita 161. Nikampima: 157. Kadi kuukuu ndani ya bahasha ya khaki ilikuwa imebeba habari ambazo hakuna jeni ingetoa.

Damu ilipimwa kalsiamu, figo, tezi shingo, vitamini D na protini, ili tusije tukaita urithi kitu ambacho kumbe ni saratani ya uboho au tezi iliyovuruga kalsiamu. Tuliuliza kuhusu prednisoloni ya muda mrefu na kuhusu dawa za kupunguza makali ya virusi, kwa sababu tenofoviri nayo hupunguza mfupa kiasi. Hayo hayakuwapo. Vitamini D ilikuwa chini. Nairobi iko karibu na ikweta, lakini fundi anayeingia kibandani alfajiri na kutoka jioni, mikono mirefu na kitambaa kichwani, jua halimpati.

Aliwahi kutumia Depo, sindano ya uzazi wa mpango, kwa miaka kadhaa baada ya kujifungua, akaiacha akiwa na miaka 38. Alijilaumu sana kwa hilo, na nililazimika kumtuliza. Depo hupunguza mfupa wakati inatumika, ndiyo, lakini sehemu kubwa ya upungufu huo hurudi ikiachwa. Sindano iliyoachwa miaka 18 iliyopita haiwezi kubebeshwa kisa hiki.

Zana ya kukokotoa iitwayo FRAX, iliyotoka Sheffield, Uingereza, mwaka 2008, hukadiria uwezekano wa kuvunjika ndani ya miaka 10 kwa watu wa miaka 40 hadi 90. Haiulizi jeni hata moja. Inauliza kama mama au baba alivunjika nyonga. Kwa mgonjwa huyu hatukuihitaji kuamua: mkono na pingili vilikuwa vimeshaamua.

Daktari alimwanzishia alendroneti, miligramu 70 mara moja kwa wiki. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha anaimeza inavyotakiwa: asubuhi kabla ya chai, kwa bilauri nzima ya maji matupu, kisha nusu saa bila kulala wala kuinama kwenye cherehani, maana kidonge kikikwama kinachoma koo. Denosumabu tuliijadili tukaiacha. Sindano hiyo ni ya kila miezi 6, na ikikatizwa bila dawa nyingine kufuata, mfupa huporomoka haraka na pingili zinaweza kubonyea kwa mpigo; kwa mtu ambaye kipato chake hutegemea msimu wa sare za shule, ratiba isiyoruhusu kuchelewa ni hatari. Meno yalikaguliwa kwanza, vitamini D ikarekebishwa kwanza.

Chakula hakikuhitaji mahubiri. Mwanamke wa umri wake anahitaji miligramu 1,200 za kalsiamu kwa siku. Nusu lita ya maziwa inampa takriban nusu ya hizo; omena inayoliwa na mifupa yake na sukuma wiki vinasaidia sana. Mchicha una kalsiamu, lakini oksaleti zake huizuia isifyonzwe vizuri, hivyo usihesabiwe sana. Kizingiti cha kibanda kilipigwa msasa na kuwekwa mpira.

Kuna jambo moja lisilorekebishika. Alipokuwa na miaka 43, akitokwa jasho usiku na mwezi umekata, alikwenda zahanati mara kadhaa. Alipimwa malaria, akapimwa presha, akapewa dawa za maumivu. Mwanamke ambaye hedhi yake imekoma mapema hivyo, kama hana kizuizi, hushauriwa homoni mbadala angalau mpaka umri ambao hedhi hukoma kwa kawaida, kulinda mifupa na moyo. Sasa ana miaka 56 na zaidi ya miaka 10 imepita tangu ikome. Kuanza homoni leo kuna hatari zaidi na faida kidogo. Swali moja kuhusu mama yake, siku ile zahanati, lingebadilisha miaka 13.

Binti, kaka yake, na mama mdogo

Binti hakupimwa DEXA. Ana miaka 29, mfupa wake unakaribia au umefikia kilele, na namba leo isingebadilisha ushauri: asivute sigara, asijikondeshe, afanye mazoezi ya kubeba uzito na kurukaruka, na akitaka Depo azungumze kwanza na daktari akitaja historia ya nyumbani kwao. Mwezi ukianza kupotea kabla ya miaka 45, asisubiri kuambiwa ni mawazo. Aliandika kwenye daftari lake: bibi, nyonga, 68; bibi, hedhi, 41; mama, mkono na pingili, 56; mama, hedhi, 43. Akauliza kama kaka yake ahusike. Nikamwambia ndiyo, wanaume hurithi mifupa hiyohiyo, ingawa huvunjika wakiwa wazee zaidi, na hatari huweza kupita kwake hadi kwa mabinti zake.

Mdogo wake mgonjwa, yule wa Voi, ana miaka 51 na hajavunjika popote. Kilichobaki cha akiba ya mate kililipa tiketi yake ya treni na DEXA yake: −1.9 kwenye uti wa mgongo. Hedhi yake ilikoma miaka 7 iliyopita, kwa hiyo mlango wa homoni kwake haujafungwa. Ameshapimwa presha, na daktari anasubiri majibu ya picha ya matiti kabla ya kuamua naye.